Mbwa Hakomi Kujikuna: Tafuta Chanzo Kabla ya Kutafuta Dawa

Ukilala nyumba yenye mbwa anayewashwa, mlio ule utaujua. Saa nane za usiku mtaa umetulia, mara unasikia gu-gu-gu-gu: mguu wa nyuma unagonga mlango wa bati, mbwa anajikuna sikio. Ananyamaza kidogo, anajilamba, anaanza tena. Bobi wangu alininyima usingizi hivyo kwa miezi minne, Kigamboni, Dar es Salaam, kuanzia katikati ya masika. Katika miezi hiyo alichomwa sindano tatu za kutuliza muwasho, kijana wa jirani akampaka oili chafu kwa nia njema kabisa, akaogeshwa dawa ya ng'ombe, na mimi nikahangaika mjini kumtafutia chakula cha bei mbaya. Kila kimoja kilimpa nafuu ya siku chache, kisha mlango ukaanza kugongwa upya. Chanzo chenyewe kilikuwa hatua kumi kutoka barazani, chini ya ngazi, kwenye mchanga wenye kivuli alikozoea kuchimba shimo na kulala mchana.

Mnyama yule aliteseka bure, na aliteseka kwa sababu sisi tuliompenda tulikuwa na haraka ya kutibu. Muwasho ni dalili tu, na wanaoleta dalili hiyo ni wengi: viroboto, upele, bakteria, fangasi, chakula, vumbi la nyumbani. Ukimrundikia dawa zote kwa mara moja akapona, hutajua kipi kimemponya. Asipopona, hutajua kipi kimeshindwa. Kwa hiyo fuata mpangilio. Anza na wadudu wanaokaa mwilini, kisha maambukizi ya ngozi, kisha chakula, na mzio (aleji) wa mazingira, kama wa vumbi na chavua, uuweke mwisho. Wadudu unaweza kuwaona, au ukawaua na kusubiri majibu. Mzio wa mazingira hauna kipimo kimoja cha kuuthibitisha. Daktari huufikia baada ya kuwatoa wengine wote kwenye orodha.

Daftari kwanza

Afisa mifugo aliyetutoa kwenye shida hakumgusa Bobi kwa dakika kumi za mwanzo. Aliketi kwenye kigoda akamtazama, halafu akaniuliza: "Kaka, huyu amechomwa sindano ngapi, na lini?" Sikukumbuka tarehe hata moja. Akanituma nikalete daftari.

Andika muwasho ulianza lini na mbwa alikuwa na umri gani. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayejikuna, wazia wadudu kwanza. Aliyeanza kati ya miezi 6 na miaka 3, hasa kama ni Labrador, German Shepherd au bulldog, mzio unaingia kwenye hesabu. Aliyefika uzeeni na ngozi safi kisha akaanza kuwashwa kwa mara ya kwanza, huyo apelekwe kwa daktari mapema, maana ngozi yake inaweza kuwa inasema habari ya ugonjwa wa homoni au uvimbe ulio ndani. Andika kama muwasho una msimu au ni wa mwaka mzima. Andika kama wanyama wengine wanajikuna, na kama kuna mtu nyumbani anayejikuna. Swali hili watu huona haya kulijibu, nalo lina thamani kuliko vipimo vingi. Andika pia kipi kilitangulia: alianza kujikuna ngozi ikiwa safi, vidonda vikafuata? Au vipele vilitangulia?

Kisha kila jioni mpe alama, kuanzia 0 hadi 10. Sifuri ni mbwa anayejikuna mara mojamoja kama mbwa yeyote. Kumi ni yule anayeacha chakula ili ajikune. Alama moja haina maana sana. Ukiwa na za wiki tatu unaona njia.

Anajikuna wapi?

Mahali ndipo penye ushahidi mkubwa. Mkalishe mbwa kwenye mwanga wa asubuhi, mpapase polepole, ukigawanya manyoya kwa vidole hadi uione ngozi. Anza puani, malizia mkiani, usisahau kwapa, kinena na kati ya vidole.

Mgongoni, karibu na mkia, na nyuma ya mapaja

Hapa mshukiwa wa kwanza ni kiroboto, na atabaki wa kwanza hata kama hujamwona. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto hahitaji viroboto mia. Wachache tu wakimuuma anawashwa siku kadhaa. Tena kwa kuwa anajitafuna na kujilamba, huwameza. Ndiyo maana mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa wake hana viroboto, na anaapa kwa moyo safi.

Kuna kipimo ambacho hakikugharimu kitu. Chukua sahani nyeupe na kitambaa cheupe au karatasi ya chooni iliyoloa maji. Mchane mbwa kwa kitana chenye meno ya karibukaribu, kile cha kutolea chawa, kuanzia katikati ya mgongo hadi shina la mkia. Kung'utia sahanini. Utaona chembe nyeusi, kama pilipili manga iliyosagwa. Ziweke juu ya kitambaa kilicholoa, subiri dakika moja, kisha zisugue kidogo. Udongo utabaki udongo. Kinyesi cha kiroboto kitatoa duara la wekundu wa kutu, kwa sababu ni damu ya mbwa wako iliyokauka. Siku afisa mifugo aliponionyesha wekundu ule juu ya karatasi nilikosa la kusema. Miezi minne, na jibu lilikuwa kwenye karatasi ya chooni.

Ukishathibitisha, elewa adui alivyo. Viroboto unaowaona mwilini ni sehemu ndogo ya jeshi lote. Jike hutaga mayai kwenye manyoya, hadi kama 40 au 50 kwa siku, nayo huteleza na kudondoka pale mbwa anapolala. Mabuu yanayoanguliwa hukimbia mwanga, hujificha kwenye nyufa, chini ya mkeka, kwenye mchanga wa kivulini, na hula damu kavu inayodondoka kutoka juu. Baadaye hujifungia kwenye kifukofuko, na humo kiroboto anaweza kungoja wiki nyingi, hata miezi, mpaka asikie mtikisiko na joto la kiumbe anayepita. Ndiyo maana shampuu ya viroboto inakupa nafuu ya siku mbili tu: umeua waliokuwa mwilini, na chini ya ngazi kuna wengine wanasubiri zamu.

Kwa hiyo tibu vitatu kwa pamoja. Mbwa apewe dawa ya kuua viroboto iliyopimwa kwa uzito wake, bila kuruka, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Vidonge vya jamii ya isoksazolini, kama NexGard wa kila mwezi au Bravecto wa wiki 12, hufanya kazi nzuri kwenye viroboto, kupe na hata upele. Mbwa mwenye kifafa au mtoto wa chini ya wiki 8, daktari aamue. Wanyama wote wa nyumbani watibiwe siku hiyohiyo, paka akiwemo, maana kiroboto anayesumbua mbwa mara nyingi ni yuleyule wa paka. Lakini paka asipewe dawa ya mbwa yenye permetrini (permethrin), inamuua. La tatu ni malazi: matandiko yafuliwe kwa maji ya moto, banda lifagiliwe hadi kwenye nyufa na taka zichomwe, mchanga wa kivulini ukwanguliwe na kutandazwa juani. Jua kali na ukavu huua mabuu kuliko unavyodhani.

Tarajia kwamba wiki ya pili au ya tatu viroboto wataonekana tena. Hao ni wale wa vifukofuko wanaotoka. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kubadili dawa. Endelea.

Kingo za masikio, viwiko, visigino na tumboni

Mbwa mwenye upele wa Sarcoptes, wadudu wadogo sana wanaochimba ngozi, anajikuna kwa namna nyingine kabisa. Hapumziki. Utamwona anajikuna hata akiwa anatembea, anasimama katikati ya safari, anaanguka upande mmoja. Kingo za masikio zinakuwa na magaga ya kijivu, viwiko vinapoteza manyoya, tumbo linatoka vipele vyekundu. Usiku akipata joto huwa mbaya zaidi.

Shika ukingo wa sikio lake, ukunje, uusugue juu ya sikio lenyewe kwa sekunde tano hivi. Mbwa wengi wenye upele, mguu wa nyuma wa upande huohuo utaanza kupiga hewani kama anajikuna. Si ushahidi wa mahakamani, ila ukiungana na magaga ya masikioni na mtu wa nyumbani mwenye vipele vinavyowasha mikononi au tumboni, pale anapompakata mbwa, mimi ningetibu upele bila kungoja. Daktari anaweza kukwangua ngozi na kuangalia kwenye darubini. Wakionekana, shauri limekwisha. Wasipoonekana, usimfute upele kwenye orodha. Wadudu hawa ni wachache, wamejichimbia ndani ya ngozi, na kukwangua huwakosa mara nyingi. Madaktari wengi hutibu kwa kushuku, kisha matokeo ndiyo yanayosema.

Mbwa wote waliogusana watibiwe, hata asiyejikuna. Vipele vya binadamu kwa kawaida huisha vyenyewe mbwa akishapona. Visipoisha, nenda zahanati, kwa sababu binadamu ana upele wake mwenyewe.

Hapa nina neno kuhusu sindano ya ivermektini, ile ya ng'ombe, ambayo mitaani kwetu huchomwa kila mbwa mwenye manyoya yaliyonyonyoka. Inaua wadudu wa upele, ni kweli. Lakini mbwa wa ukoo wa Collie, na baadhi ya German Shepherd na machotara wao, wamezaliwa na kasoro inayoruhusu dawa hiyo kupenya hadi kwenye ubongo. Mbwa wa namna hiyo anaweza kupepesuka, kupofuka, kuzimia na kufa. Chupa ni ya mnyama wa kilo 300, mbwa wako ana kilo 15, na makosa ya nukta moja yanatosha. Dawa salama zaidi zipo, ziulizie.

Usichanganye upele huu na ule wa Demodex, ambao huonekana sana kwa watoto wa mbwa: viraka vya upara kuzunguka macho na mdomo, kwenye miguu ya mbele, bila muwasho mkubwa mpaka bakteria waingie. Huo hauambukizi mbwa mwingine wala mtu. Na sindano zilezile za kutuliza muwasho huuzidisha.

Masikio peke yake

Akitikisa kichwa na kuinamisha upande mmoja, funua sikio uchungulie. Uchafu mkavu mweusi kama machicha ya kahawa, hasa kwa mtoto wa mbwa au mbwa anayelala na paka, ni utitiri wa masikio. Uchafu wa kahawia wenye mafuta na harufu ni fangasi. Usaha na maumivu ni bakteria. Mikunjo ya sikio ni maficho ya kupe pia. Yule kupe wa kahawia wa mbwa huweza kuishi hata ndani ya nyumba, kwenye nyufa za ukuta, na huleta magonjwa ya damu, kwa hiyo ukimwona mmoja tafuta wenzake.

Kwa wafuga kuku: ukiona vidoa vyeusi vimeng'ang'ania kwenye kingo za masikio na kope, havitembei hata ukivigusa, hao ni viroboto wa kuku. Hujichomeka na kubaki palepale. Banda la kuku litibiwe pia, sivyo utawatoa kila wiki.

Ncha za masikio zenye vidonda na damu, mbwa mwenye masikio ya kusimama: ni nzi wanaouma. Hamisha jalala na kinyesi mbali na banda, umpake dawa ya kufukuza nzi iliyotengenezwa kwa mbwa.

Miguu, kwapa na uso

Mbwa mwenye manyoya meupe hukuonyesha mwenyewe: manyoya ya kati ya vidole yanageuka rangi ya kutu, kwa sababu ya mate. Analamba miguu jioni nzima, anasugua uso kwenye zulia, kwapa na kinena vina wekundu. Picha hii ni ya mzio, wa chakula au wa mazingira, mara nyingi pamoja na fangasi. Lakini kagua kwanza vitanga vya miguu. Miiba, mbigili, na tekenya, ambao Kenya huitwa funza, humpata mbwa kama wanavyompata mtoto anayetembea peku: kidoa cheusi katikati ya uvimbe mweupe kama punje ya mtama.

Uvimbe kama jipu, wenye tundu dogo juu linalopumua, ni buu la nzi aliyetaga kwenye mchanga wenye unyevu. Tundu likizibwa kwa vaselini buu hutafuta hewa na kujitokeza, likatolewa zima. Usilikamue kwa nguvu. Likipasukia ndani, jipu litakuwa jipu kweli.

Anayeburuta makalio chini ana shida ya tezi za pembeni mwa mkundu au minyoo. Hilo ni shauri lingine, daktari hulimaliza kwa dakika tano.

Wadudu hawapo, bado anajikuna

Sasa nusa. Samahani kusema hivyo, lakini pua ni kifaa. Ngozi yenye fangasi wa Malassezia ina harufu ya samli iliyochacha, ina mafuta ukiishika, na ikikaa muda mrefu inakuwa nene, nyeusi, yenye mikunjo kama ya tembo, hasa shingoni chini, kwapani na kinenani. Pwani yetu yenye joto na unyevu inawapenda sana fangasi hawa. Bakteria, kwa upande wao, huacha vipele vyenye usaha, kisha duara la magaga yanayobanduka ukingoni. Watu wengi huliona duara hilo wakasema choa. Choa halisi hupimwa kwa kuotesha manyoya maabara au kwa darubini, na mara nyingi hakiwashi kama bakteria.

Fangasi na bakteria ni wageni walioingia mlango ukiwa wazi. Aliyeufungua ni mwingine: kiroboto, mzio, homoni. Ukiwafukuza hao tu, muwasho utashuka kutoka 8 hadi 4, utafurahi, na baada ya mwezi watarudi. Lakini lazima uwafukuze kwanza, maana wakiwepo huwezi kusoma kitu kingine chochote. Shampuu yenye klorheksidini, au klorheksidini pamoja na mikonazoli, mara mbili kwa wiki kwa wiki tatu au nne. Siri yake ni muda: povu likae dakika 10 kamili juu ya ngozi kabla ya kusuuza. Watu humwaga, husugua, husuuza, wanasema haifanyi kazi. Tega saa. Mimi humsimulia Bobi habari za mtaa mpaka dakika ziishe. Sabuni ya kufulia na sabuni ya mche usitumie. Ngozi ya mbwa haina tindikali kama yetu na hukauka vibaya. Ukimwogesha baharini, msuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Vidonge vya antibayotiki vitoke kwa daktari, baada ya kuona chembe za ngozi kwenye darubini ikiwezekana. Kilichobaki kabatini baada ya mtoto kupona kikohozi si dawa ya mbwa.

Chakula

Kila mtu hupenda kuanza hapa, ndiyo maana nimekuweka uvumilie mpaka sasa. Mzio wa chakula upo, ila si wa kawaida kama viroboto, na hauhusiani na ubora au bei. Mbwa huwa na mzio wa kile alichokula kwa muda mrefu, na wanaotajwa zaidi ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano. Muwasho wake ni wa mwaka mzima, na baadhi ya mbwa huharisha au kujisaidia mara nyingi kwa siku.

Kipimo cha damu cha mzio wa chakula hakiaminiki. Kipimo ni sufuria. Kwa wiki 8 mbwa ale nyama moja ambayo hajawahi kuila, na wanga mmoja ambao hajazoea. Kwa mbwa wetu waliolelewa kwa ugali, dagaa, utumbo na vichwa vya kuku, sungura na viazi vitamu hufaa. Mbuzi ni jamii ya karibu na ng'ombe, si chaguo zuri. Chemsha bila chumvi, bila kitunguu, bila mchuzi wa nyanya. Kwa wiki hizo asile kingine: si mfupa, si andazi la mlinzi, si kidonge cha kutafuna chenye ladha ya nyama; umwambie daktari akupe dawa ya viroboto ya kudondoshea shingoni. Na mlinzi, na watoto, na bibi mwenye huruma, wote waelezwe kwa upole na waandikiwe karatasi mlangoni. Nimeona wiki saba za kazi zikiharibiwa na kipande kimoja cha chapati. Mtoto wa mbwa au jike mwenye mimba asiwekwe kwenye chakula hiki bila daktari, maana hakijakamilika kwa madini.

Alama zikishuka, usishangilie bado. Mrudishie chakula cha zamani. Muwasho ukirejea ndani ya wiki mbili, umempata. Usiporejea, kilichomponya kilikuwa kingine. Wengi hawataki hatua hii, wanaona ni ukatili. Naelewa. Lakini bila hiyo utamnyima mbwa nyama ya kuku maisha yake yote kwa kosa ambalo kuku hakulifanya.

Kilichobaki

Wadudu wametibiwa miezi, ngozi ni safi, chakula kimejaribiwa, na bado analamba miguu. Sasa ndipo daktari atasema mzio wa mazingira: utitiri wa vumbi la nyumbani, chavua, ukungu. Hauponi, hutunzwa. Futa miguu na tumbo kwa kitambaa chenye maji akitoka kwenye nyasi. Fua matandiko kila wiki. Dawa za viroboto zisikatike, maana mbwa huyu ni kama ndoo iliyokaribia kujaa, kiroboto mmoja tu anaifurikisha. Kuna dawa mpya, Apoquel ya vidonge na Cytopoint ya sindano ya kila mwezi, kama zinapatikana ulipo na mfuko unaruhusu. Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ni rahisi na ina nguvu, na kwa mzio uliothibitishwa, kwa dozi ndogo iliyopangwa, inawasaidia mbwa wengi. Mtumiaji atakunywa maji sana, atakojoa sana, atakuwa na njaa. Ukishampa kwa wiki kadhaa usiikate ghafla.

Sindano tatu za Bobi zilikuwa za jamii hiyohiyo. Hazikuwa sumu. Zilinyamazisha kengele huku nyumba ikiungua.

Usivyopaka

Oili chafu ina metali na kemikali zinazopenya kwenye ngozi, na mbwa huilamba. Mafuta ya taa na dizeli huunguza. Dawa ya josho ya amitrazi au ile ya jamii ya oganofosfati ikikorogwa kwa kipimo cha ng'ombe humfanya mbwa atetemeke, atokwe mate, alegee. Ikitokea hivyo, msuuze kwa maji mengi na sabuni laini, ukiwa umevaa glavu, umkimbize kwa daktari pamoja na chupa yenyewe. Na wakati unafanya uchunguzi huu, ukimlinda asijitafune kwa kola iliyokatwa kwenye ndoo ya plastiki na kulainishwa kingo, umemsaidia zaidi ya mafuta yote hayo.

Usingoje

Mtoto wa mbwa mwenye viroboto wengi na fizi nyeupe anaishiwa damu, mpeleke leo. Kidonda kibichi kinachotanuka kwa saa chache chini ya manyoya yaliyoloa, leo. Uso uliovimba ghafla baada ya kuumwa na nyuki, sasa hivi.

Na hili: mbwa asiyechanjwa anayetafuna mahali palepale alipowahi kung'atwa, tabia imebadilika, sauti imebadilika, mate yanamtoka, usimguse. Mfungie mahali, mwite afisa mifugo. Mtu aking'atwa au kukwaruzwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Ukienda kwa daktari

Peleka daftari, na pakiti za dawa zote alizopewa, hata ile uliyoonea haya. Usimwogeshe siku tatu kabla ya kwenda. Najua utatamani afike akiwa anang'aa. Daktari anauhitaji uchafu ule, magaga yale, chembe zile nyeusi. Kusanya na zile ulizokung'uta nyumbani, uzifunge kwenye karatasi nyeupe, uziweke katikati ya daftari.